Ng'ombe Yule Nilimkata Mimi

Enzi zetu ng'ombe wa kuchezea hakuja na gari wala hakufungwa kwenye mfuko wa plastiki. Alitoka mtoni. Mvua zilipokatika, sisi watoto wa kijiji chetu, kati ya Puge na Bukene, tulishuka bondeni kwenye udongo mweusi tukafinyanga makundi mazima, madume na majike na ndama. Nawakumbuka wote: Tatu binti Kasanda, Shija na mdogo wake Limi, Mwashi mwenye pengo, Ngassa aliyekula udongo mwingi kuliko aliofinyanga, na mdogo wangu Mihayo. Ng'ombe nao walikuwa na majina. Wangu wa kwanza aliitwa Mabaka. Macho tuliwawekea shanga, maana ile njia ya wapagazi aliyoipita babu yangu Kapela, mzigo begani mpaka pwani, ilikatiza nyuma ya shamba letu, na kila baada ya mvua kubwa ardhi ilitema shanga ndogo za buluu na nyekundu zilizowadondoka watu waliokufa zamani. Watoto wa sasa ng'ombe wao yuko ndani ya simu. Anabonyezwa, analia "mooo", chaji ikiisha amekufa, na mwenye ng'ombe naye analia.

Mnaweza kudhani nimekaa hapa Ziba nacheka na kukumbuka. Sicheki. Nimekasirika, na hasira hii ni kubwa kwa umri kuliko wanangu wote sita. Nilipokuwa msichana wa darasa la nne nilitengeneza ng'ombe ambaye hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kumwona wa namna yake, na mpaka leo anaitwa wa mtu mwingine. Basi nataka niseme alivyotengenezwa, kipande kwa kipande, mjue ni nani aliyemtengeneza.

Ilianza na michembe. Sisi wa kule tunaijua: kiazi kitamu kinamenywa, kinakatwa vipande vyembamba, kinaanikwa juani mpaka kinakauka kama gamba, halafu kinawekwa ghalani kungoja miezi ya njaa. Kukata ilikuwa kazi ya wasichana. Mama yangu, Nyamizi, alikaa na kisu chake na mimi na changu, lundo la viazi katikati yetu, utomvu mweupe ukitugandia vidoleni na kugeuka mweusi usiotoka hata kwa majivu. Siku moja nilikata kiazi kimoja kinene, halafu badala ya kuvitupa vipande kwenye ungo nikavirudisha mahali pake, kimoja kimoja. Kiazi kikasimama tena. Nikavitenganisha nikavitazama. Kila kipande kilikuwa na umbo lake: cha mwanzo kama kifungo, cha katikati kipana kama kiganja cha baba, cha mwisho kimebonyea upande. Nikajiuliza, na ng'ombe je?

"Kalunde, unacheza na chakula," mama akasema.

"Sichezi, mama. Nahesabu."

"Hesabu huku unakata."

Nikakata, lakini kichwa kilishakwenda mtoni. Kesho yake nilifinyanga dume la udongo, refu kama mkono wangu, lenye nundu na tumbo la kushiba. Sikulianika. Lilipokuwa bado bichi nilichora mstari ubavuni kwa kijiti, kuanzia kifuani mpaka mkiani, kisha nikachukua uzi wa katani, nikaukaza kwa mikono miwili, nikalikata dume langu kama mama anavyokata kiazi. Ngassa aliona akapiga kelele kwamba Kalunde amemchinja ng'ombe kwa uzi. Tatu alilia kabisa. Lakini mimi nilikuwa na vipande kumi na kimoja vya udongo juu ya jani, na kila kipande kilikuwa na alama ya pale mgongo unapopita.

Nilichokosa ni kitu kisichovunjika, nikikate kwa umbo la vile vipande. Baba yangu, Masele, alikuwa mrina asali. Mizinga yake aliitengeneza kwa magome ya miti, na mabaki aliyalaza chini ya mawe yanyooke awe na mifuniko.

"Baba, nipe mabaki ya magome."

"Ya nini, mayu?" Aliniita mayu, yaani mama, kwa sababu jina langu ni la mama yake.

"Ya ng'ombe."

Alicheka mpaka akakohoa. Lakini alinipa, na yale mabichi akaniwekea kando. "Haya bado yana maji ndani. Ukiyakata leo mikato inabana vizuri, unafurahi. Yakikauka inalegea, na ng'ombe wako upepo utamvua mbavu. Subiri." Nikasubiri hadi ukaandama mwezi mwingine. Nani leo anasubiri gome likauke? Mjukuu wangu Neema picha ikichelewa kufunguka kwenye simu anapiga miguu chini kama mwenye tumbo la kuhara.

Magome yalipokauka nilivilaza vile vipande vya udongo juu yake, nikavizungushia mkaa, nikapata michoro kumi na mmoja ya mbavu. Wa kumi na mbili ulikuwa wa mgongo: gome moja refu lenye kichwa upande huu na mkia upande ule, nundu ikiwa juu. Mbavu mbili, ya mabegani na ya mapajani, nilizirefusha zikawa na miguu. Kazi ilikuwa kwenye mikato. Mgongo niliukata kutoka juu mpaka nusu, mahali kumi na moja. Kila ubavu niliukata kutoka chini mpaka nusu. Ukiushusha ubavu juu ya mgongo, nusu kwa nusu zinamezana, na hakuna gundi, hakuna kamba, hakuna msumari. Upana wa mkato niliupima kwa kipande cha gome lenyewe. Ukikosea kidogo ukawa mpana, ubavu unacheza kama jino la mtoto. Ukiwa mwembamba, gome linapasuka. Niliharibu mbavu tano kabla ya kujua mkono wangu. Mihayo alinishikia gome lisiteleze. Hilo simnyimi, alishika, tena alishika vizuri, na kidole chake nilikikata mara moja.

Pembe zilikuwa gome moja lililopita kichwani kwa kukingama. Nilipozisukuma zikakaa, ng'ombe alisimama uani kwetu kwa miguu yake minne, na jua likampita katikati ya mbavu likaangusha kivuli chenye mistari. Ukimtazama kwa mbele ni dume. Ukimtazama kwa ubavu unaona ukuta kupitia tumboni. Baba alimzunguka kama mtu aliyekwenda mnadani. Hakucheka tena.

Shule yetu iliishia darasa la nne. Aliyetaka kuendelea alikwenda Tabora mjini, bweni, na waliokwenda walikuwa wa kuhesabu. Mwaka ule Mwalimu Zakaria alitangaza kwamba siku ya wazazi atakuja mkaguzi, atazitazama kazi za mikono, na mtoto mmoja atakayemchagua atapelekwa shule ya mjini yenye karakana. Baba alisema mbele ya mama, na mama alisikia: "Mkaguzi akisema Kalunde, Kalunde atakwenda. Nitampandisha treni mwenyewe." Mimi usiku wote nilikuwa ndani ya treni.

Siku ikafika. Mwalimu Zakaria alipanga meza mbili. Meza ya wasichana ilikuwa na mikeka, nyungo na vitambaa vilivyofumwa. Meza ya wavulana ilikuwa na mipini, vigoda, magari ya waya. Nikamweka ng'ombe wangu katikati ya mikeka.

"Kalunde, nini hiki?"

"Ng'ombe, mwalimu."

"Naona ni ng'ombe. Wewe utamchunga? Tangu lini ng'ombe akakaa na nyungo?"

"Nimemkata mimi, mwalimu."

"Nani amekuuliza?"

Akamnyanyua, akamvusha mpaka meza ya wavulana. Akachukua kikaratasi akachovya kalamu kwenye wino, na kwa kuwa alijua nyumbani kwetu kuna mvulana darasa lilelile, akaandika: Mihayo Masele. Mimi akanisimamisha nyuma ya ungo wa Tatu, nisibaki mikono mitupu. Mihayo aliniangalia. Kisha akaenda akasimama nyuma ya ng'ombe.

Mkaguzi alikuja na soksi ndefu na miwani. Alikuwa mtu mweusi kama mimi, wala msifikiri alikuwa mzungu. Jina lake ninalo, ninayo majina yote, lakini lake silitaji, sitaki kumpa heshima hiyo. Akapita meza yetu kama anapita kwenye matope. Alipofika kwa ng'ombe akasimama. Akamshika pembe, akamnyanyua, mbavu tatu zikadondoka. Watu wakacheka. Akaona mikato, akaelewa, maana mjinga hakuwa. Akazitoa mbavu zote akazimwaga mezani kama magamba ya samaki.

"Mihayo ni nani? Mrudishe."

Maskini mdogo wangu. Alijua ng'ombe mzima, hakujua mbavu. Mimi sikuweka alama wala namba, mpangilio ulikuwa kichwani mwangu. Akachukua ubavu wa tumbo akauweka shingoni, dume likawa kama limemeza chungu. Kicheko kikapanda. Akauweka wa mapajani mbele, miguu ikapishana. Ngassa akaita, "Huyo amelewa!" Masikio ya Mihayo yalimetameta kwa jasho, akaacha kutazama meza, akanitazama mimi.

Nikatoka nyuma ya ungo.

"Kalunde! Kaa!" Sauti ya mama kutoka kwa wanawake waliokaa chini. Sikukaa. Nilivuka uwanja mzima peke yangu, nikazitoa mbavu zote, nikaanza: ya shingo, ya mabega, ya nundu, zile tano za tumbo, ya kiuno, ya mapaja, ya mwisho nyembamba. Mkaguzi alikuwa ameivua miwani kuifuta, na kabla hajairudisha puani ng'ombe alikuwa amesimama. Halafu watu wakapiga makofi.

Nikasema kwa sauti, kila mtu alisikia, na waliokuwa pale wengine wako hai mpaka leo: "Nimemkata mimi."

Mkaguzi akacheka. Akanishika kichwani. Akawageukia wazazi akasema, "Mmeona dada anavyomsaidia mdogo wake? Huyu atakuwa mama mzuri sana." Akatoa peremende mfukoni akanipa. Kisha akasoma kile kikaratasi, akalinakili jina la Mihayo kwenye daftari lake.

Nilikula ile peremende. Nilikuwa mtoto, ilikuwa tamu, na mpaka leo ikinijia ladha yake natamani kutema.

Baba alikwenda kuzungumza na Mwalimu Zakaria. Alirudi akaniambia, "Wameshaandika, mayu." Basi, ndivyo mtu mzima aliyekaa porini peke yake na nyuki elfu alivyoshindwa na karatasi. Wiki ile ile Mihayo alipandishwa treni Bukene na shati jipya. Mimi nilirudi kwenye viazi. Niliolewa huku Ziba na Maganga, mtu mwema, Mungu amrehemu, nikazaa, nikalima, nikauguza. Maisha yangu siyalalamikii. Nalalamikia yale ambayo sikupewa nafasi hata ya kuyashindwa.

Mihayo alisoma, akawa fundi mkubwa. Mapaa ya makanisa mangapi kaskazini mwa Tabora aliyaezeka kwa mbao za mninga zilizomezana nusu kwa nusu! Nilikuwa nikiingia kanisani, mchungaji anahubiri, mimi nimeinua uso nahesabu mbavu zangu kule juu. Kaka na dada tulipendana. Sukari ililetwa, vitenge vililetwa. Neno lile halikuletwa.

Sasa, mwezi uliopita, mjukuu wa Mihayo alikuja hapa kwangu. Anaitwa Deo, kijana mchangamfu, suruali imembana mpaka kukaa ni kazi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Umekonda. Au ni hiyo suruali?"

"Bibi bwana! Nimekuletea zawadi. Hii kitu mjini inatoka balaa."

Akanipa bahasha bapa. Ana karakana Tabora, mashine yake inakata mbao nyembamba kwa mwali wa moto, yeye amekaa pembeni anakunywa soda. Neema akaifungua, akamwaga vipande mkekani. Kabla hajavipanga nilishajua. Vilikuwa kumi na tatu: mbavu kumi na moja, mgongo, pembe. Kila kimoja kimechomwa namba, moja, mbili, tatu, kwa sababu vijana wa siku hizi bila namba hawawezi kutofautisha shingo na paja. Nundu ilikuwa yangu. Hata tumbo la kushiba lilikuwa langu.

"Kuna karatasi," nikasema. "Nisomee."

Neema akasoma: "Ng'ombe wa Babu Mihayo. Ubunifu wa utotoni wa Babu Mihayo Masele, aliyemkata kwa mikono yake mwenyewe kwenye magome ya miti."

"Rudia hapo pa mikono."

Akarudia. Deo alikuwa anatabasamu, akingoja nifurahi.

Asubuhi yake nilipanda basi la Tabora, na Deo. Nilimkuta Mihayo sebuleni kwake, fimbo mapajani, redio imefunguliwa. Aliponiona akataka kuinuka, nikamwambia kaa. Nikamwekea ile karatasi gotini. Hakuisoma. Alikuwa anaijua.

"Nani alimkata, Mihayo?"

"Dada, mambo ya zamani hayo."

"Nani alimkata?"

"Wewe." Alisema kwa sauti ndogo, Deo mlangoni akasikia. "Nilikuwa mtoto, dada. Ningesema nini mbele ya mkaguzi?"

"Ya utoto nilikusamehe siku ileile. Naulizia miaka yote iliyofuata. Ulipokuwa na kazi. Ulipokuwa na ndevu. Ulipokuwa unawasimulia hawa watoto."

Akazima redio. Mimi sikumwonea huruma, nasema kweli. Akaniuliza, si kwa ubaya, aliniuliza kama mtu anayetaka kujua: "Lakini huyo ng'ombe ungefanya naye nini, dada? Mimi alinipa kazi. Wewe ungefanya naye nini?"

"Sijui," nikamwambia. "Ndicho nilichonyimwa, kujua."

Deo akaingia kati. "Bibi usimaindi, hili dogo. Tunaongeza hapo chini, 'akisaidiwa na dada yake.' Freshi?"

Jamani. Nilimtazama yule kijana nikamwona mkaguzi na soksi zake. Mihayo ndiye aliyempigia kelele, sikuwahi kumsikia akimpigia mtu kelele hivyo: "Andika Kalunde binti Masele! Andika yeye peke yake!"

"Babu, karatasi zimeshachapwa. Stoo imejaa."

"Nipeleke stoo," nikasema.

Nilikaa kwenye ile karakana siku nne, masikio yakiniuma kwa mlio wa mashine, nguo zikinuka mbao zilizoungua. Deo alinipa kalamu, na baada ya ya kwanza kuisha akanipa mbili. Karatasi baada ya karatasi nilikata jina la Mihayo Masele kwa mstari mmoja, juu yake nikaandika langu. Mwandiko wangu ni wa darasa la nne, herufi kubwa zinazopanda mlima. Wateja waliingia wakanikuta wakadhani mimi ni sehemu ya biashara, mmoja akataka kupiga picha na mimi. Nilimwambia anunue kwanza halafu asome.

Nikiwalinganisha watoto wa wakati wetu na hawa, siwezi kusema wakati wetu ulikuwa mzuri zaidi. Udongo ulikuwa mwingi, baba alikuwa na subira, shanga zilitoka ardhini bure, na nayatamani yote hayo kila nikiamka. Lakini mtoto wa kike alisimama mbele ya kijiji kizima akasema neno la kweli, na kijiji kikapiga makofi kikaenda kula. Hawa wa leo wana mashine, wana wino wa rangi, wana mahali pa kuandika kila kitu, hata kifungua kinywa chao wanakiandika. Na walipofika kwenye ng'ombe wangu waliandika walichokisikia, hakuna aliyeona haja ya kuuliza.

Zile za stoo nilizimaliza. Zilizotangulia sikuziwahi. Deo anasema zimekwenda Nzega, Igunga, Mwanza, nyingine watu wamezipeleka harusini. Kwa hiyo huenda unaye ng'ombe huyo wewe unayesoma hapa, umempanga kwa namba zake, umemweka juu ya kabati la vyombo watoto wasimfikie. Ni mzuri, mwache hapo. Ila itafute ile karatasi, chukua kalamu, ukate jina lililopo uandike Kalunde binti Masele.